BUSTANI YA MBOGA WAKATI WA UKAVU: MAFUNZO KUTOKA SHINYANGA NA GEITA



Kila mwaka kaskazi ikikaza, kati ya Januari na mwanzo wa Machi, mazungumzo ya barazani kwetu hubadilika. Habari za bei ya karafuu huwekwa kando, na watu huanza kuulizana kisima cha nani bado kina maji na mboga ya leo itatoka wapi. Mkarafuu uliokwisha komaa huweza kungojea masika. Mchicha ulio nyuma ya jiko hauwezi. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa katika toleo hili tuzungumze habari za bustani ndogo ya nyumbani wakati mvua inapokosekana, na mfano wetu tumeutoa mbali kidogo, katika nchi ya Wasukuma, mkoa wa Shinyanga, na kwa jirani yake, Geita, penye machimbo ya dhahabu.

Huenda mwanachama akauliza: sisi watu wa visiwani tuna nini na Shinyanga? Tuna mambo mawili. La kwanza ni ukavu wenyewe. Pemba hupata mvua ya karibu milimita 1,900 kwa mwaka wa kawaida. Shinyanga hupata baina ya 600 na 900 tu, na zote huja katika msimu mmoja, toka Novemba hata Aprili au Mei. Tena katikati ya msimu huo, mara nyingi Januari na Februari, mvua hukatika kwa majuma kadhaa. Baada ya Mei hapana cha kutegemea mpaka Novemba nyingine. Watu wapatao mboga ya majani katika nchi ya namna hiyo hawakosi la kutufundisha sisi tunaolalamika kwa miezi miwili.

La pili ni dhahabu. Dhahabu na karafuu zinafanana kwa jambo moja: zote mbili huuzwa mbali, na hakuna hata moja iwezayo kupikwa ikawa kitoweo. Penye mali ya namna hii watu huona kulima mboga ni kazi ya wasio na kazi, maana fedha ikipatikana mboga hununuliwa. Fedha isipopatikana ndipo hutambulikana kwamba nyuma ya jiko hapana kitu. Wazee wetu walilijua hili baada ya tufani ya mwaka 1872, iliyoangusha mikarafuu mingi mno ya Unguja kwa siku moja. Mtegemea zao moja hukaa juu ya mguu mmoja.

NCHI YA SHINYANGA ILIVYO

Mgeni atokaye kwetu akifika Shinyanga mwezi wa Septemba huona uwanda mpana, majani yamekauka rangi ya mkeka wa zamani, na mawe makubwa yamesimama juu ya vilima. Haikuwa hivyo sikuzote. Katika zama za ukoloni misitu mingi ilikatwa ili kumwondoa mbung'o, na baadaye watu wakaendelea kufyeka kwa ajili ya pamba, kuni na malisho ya ng'ombe. Ardhi ikabaki wazi, upepo na maji yakachukua udongo wa juu, hata nchi ile ikafikia kuitwa Jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kwa jina la HASHI. Mradi huo haukuleta dawa mpya. Uliwarudisha watu kwenye desturi yao wenyewe ya ngitili, nayo ni kutenga kipande cha malisho wakati wa mvua, kisiingizwe mifugo, ili majani na miti ikue na ng'ombe wapate chakula wakati wa kiangazi. Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa karibu hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Tumeitaja ngitili kwa kuwa hekima yake ndiyo hekima ya bustani ya kiangazi: tenga kidogo, kizungushie, kilinde, nacho kitakutunza wakati wa dhiki. Kiangazi kikipamba moto, kila mbuzi na kila kuku wa kijiji hutafuta jani bichi, na bustani isiyo na ua hailiwi na mwenyewe. Wasukuma wengi hutumia minyaa kuwa boma la nyumba na la bustani, maana huota kwa kijiti tu na haihitaji kumwagiliwa. Ila utomvu wake ni mkali, huweza kudhuru macho, basi anayeukata na ajihadhari na watoto wakae mbali.

PIMA MAJI KABLA YA KUPIMA ARDHI

Watu wengi huanza bustani kwa kutazama nafasi waliyo nayo. Hulima pote, hupanda pote, na majuma mawili ya jua kali yakipita hupoteza pote. Wakati wa ukavu hesabu huanza kwenye ndoo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Katika jua la kiangazi cha bara, bustani ya mboga huhitaji kiasi cha milimita 5 kwa siku, yaani lita 5 kwa kila mita ya mraba. Nyumba iwezayo kupata ndoo mbili za lita 20 zaidi ya maji ya kunywa na kupikia ina lita 40. Gawa kwa 5, utapata mita 8 za mraba. Basi bustani ya nyumba hiyo ni majaruba mawili, kila moja upana wa mita 1 na urefu wa mita 4. Zaidi ya hapo ni kuigawa njaa kwa miche yote. Walakini mita 8 zilizotunzwa vizuri, zikapandwa na kuchumwa kwa zamu, huweza kuipa nyumba mboga ya siku mbili tatu katika kila juma. Maji ya kifuu, bahari ya chungu.

Tukumbuke pia kwamba ndoo ya lita 20 ni mzigo wa kilo 20, na mara nyingi uko juu ya kichwa cha mama au binti. Pale ambapo bomba halijafika, ndoo mbili za ziada ni safari mbili za ziada, na mtoto aliyetumwa kisimani alfajiri huchelewa shule. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria, uliozinduliwa mwaka 2009, umeyafikisha maji ya ziwa katika miji ya Shinyanga na Kahama, na hiyo ni neema kubwa. Lakini si kila kijiji kina bomba. Kwa hiyo kupunguza maji ya bustani bila kupunguza mboga ni kumpunguzia mtu mzigo kichwani. Tena hapana sheria yoyote iliyosema kwamba mwanamume hawezi kubeba ndoo au kusukuma mkokoteni wa madumu.

UDONGO UWE NDIYO TANGI

Wasukuma huutambua udongo wao kwa majina. Luseni ni udongo wa mchanga ulio kwenye miinuko. Mbuga ni ule mweusi mzito wa mabondeni, ambao wakati wa mvua hunata miguuni na wakati wa jua hupasuka nyufa. Luseni hunywa maji upesi na kuyapitisha upesi, kwa hiyo hutaka samadi nyingi, na maji kidogo kidogo kila siku. Mbuga hushika maji muda mrefu, kwa hiyo hutaka maji mengi kwa siku chache, na jembe la kuvunja nyufa kabla hazijafika kwenye mizizi. Mkulima wa Shinyanga huitumia tabia hii ya mbuga kupanda dengu mvua zinapokwisha, na dengu hukua kwa unyevu uliobaki ardhini bila kumwagiliwa hata tone.

Kwa bustani ya nyumbani wakati wa ukavu, msiinue matuta. Tuta lililoinuka ni zuri wakati wa masika, kwa kuwa humwaga maji ya ziada. Wakati wa kiangazi humwaga maji uliyoyabeba kwa shida. Chimbeni jaruba la kuzama. Ondoeni udongo wa juu, muuweke kando. Tifueni ule wa chini kwa kina cha jembe. Changanyeni samadi iliyooza vizuri, kiasi cha ndoo moja kwa kila mita ya mraba. Kisha rudisheni udongo wa juu, lakini uso wa jaruba ubaki chini ya ardhi ya kando kwa urefu wa kiganja, na kingo zake ziinuke. Maji yatakayotiwa humo hayana pa kukimbilia. Samadi mbichi isitumike, maana huunguza mizizi na huleta magugu.

Halafu funikeni. Udongo ulio wazi kwenye jua la saa saba ni kama chungu kisicho na kifuniko juu ya moto. Majani makavu, mabua ya mtama, maganda ya karanga, chochote kisicho na mbegu za magugu, kitandazwe baina ya miche kwa unene wa vidole vitatu au vinne, ila kisilishike shina. Matandazo haya huzuia maji yasipande hewani, na yakioza huwa mbolea.

Mwagilieni asubuhi mapema au jioni jua likishapunga, mkitia maji chini penye shina, si juu ya majani. Mtu aliye na miche michache ya nyanya au bilinganya anaweza kutumia mtungi wa udongo usiopakwa rangi. Mtungi huzikwa mpaka shingoni, hujazwa maji, hufunikwa, na miche hupandwa kuuzunguka. Maji hutoka polepole kwenye vinyweleo vya mtungi kadiri udongo unavyokauka. Wachina waliiandika njia hii yapata miaka 2,000 iliyopita, nayo ingali inafaa, maana hapana bomba la kuharibika.

MAJI YALIYOKWISHA TUMIKA

Kabla ya kwenda kisimani mara ya pili, tuyatazame maji tunayoyamwaga. Maji ya kuoshea mchele na mboga huenda moja kwa moja bustanini. Maji ya kusuuzia vyombo, yasiyo na mafuta wala sabuni nyingi, yanafaa kwa miti na kwa mboga zenye kupikwa, yakitiwa ardhini na si juu ya majani. Maji ya kufulia, ya sabuni kali, yasitiwe katika mboga.

Kwetu sisi kuna maji mengine ambayo hatuyahesabu. Mtu huchukua udhu mara tano kwa siku, na maji yale hayana sabuni wala mafuta. Katika nyumba ya watu sita, hata wakifanya uangalifu wakajiepusha na israfu, maji hayo kwa siku moja ni ndoo nzima na zaidi. Mfereji mdogo kutoka penye kutawadhia mpaka kwenye shina la mpapai au jaruba la mchicha ni kazi ya asubuhi moja.

Mvua ndogo za kupita nazo zisidharauliwe. Paa la bati lenye mita 30 za mraba, likipata mvua ya milimita 10 tu, hutoa karibu lita 300, nazo ni ndoo 15. Asiye na mfereji wa bati wala pipa huzitazama ndoo 15 zikipita mlangoni kwake.

MBOGA ZIPI ZIPANDWE

Wakati wa ukavu pandeni zile ziivazo upesi na zile zizoeazo jua. Mchicha na majani ya kunde huchumwa baada ya majuma matatu au manne. Mgagani, mboga chungu ipendwayo sana na Wasukuma, hustahimili jua. Matembele huota kwa vipande vya marando, na yakishashika huvumilia. Bamia huanza kuzaa baada ya miezi miwili hivi. Kisamvu hakihitaji jaruba kabisa. Mihogo miwili mitatu uani yatosha. Nyanya hutaka miezi mitatu na maji ya kila siku, basi mwenye ndoo mbili asipande nyanya nyingi. Miche ilelewe kwanza chini ya kivuli cha makuti au nyasi, na ihamishwe jioni, si asubuhi.

Wadudu hawaendi likizo. Utitiri mwekundu hupenda ukavu na hukaa chini ya majani ya nyanya; majani na yaoshwe kwa maji kidogo upande wa chini. Kwa wadudu mafuta, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, yakachujwa na kunyunyizwa jioni, husaidia.

Tena Wasukuma hawangoji kiangazi kifike ndipo watafute mboga. Wakati wa mvua kunde zikiwa tele, huchuma majani, huyachemsha, huyakausha, na kuyaweka akiba, huyaita nsansa. Viazi vitamu vibichi hukatwa vipande vikaanikwa vikawa michembe. Vilivyochemshwa kwanza huwa matobolwa. Hivyo bustani ya Machi huliwa Septemba. Ni vizuri majani yakaushwe kivulini penye upepo, maana jua kali huharibu vitamini A iliyo ndani yake. Sisi wenye majamvi ya kuanikia karafuu na ujuzi wa kuzianika hatuna udhuru wa kuacha majani ya kunde yaoze shambani.

MAJI YA MACHIMBONI

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuitaje Geita. Huko dhahabu imechimbwa kwa muda mrefu. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, na Geita ikawa mkoa mwaka 2012. Pembeni ya migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo, maelfu kwa maelfu, wenye makarasha ya kusagia mawe na mialo ya kuoshea. Watu hao wanataka mboga kila siku, na mama mwenye jaruba la mchicha karibu na machimbo hupata soko mlangoni. Kwa hiyo wakati wa ukavu majaruba husogea karibu na maji yoyote yanayoonekana, na hapo ndipo penye hatari.

Wachimbaji wengi hukamata dhahabu kwa zebaki. Mawe yaliyosagwa huchanganywa nayo, zebaki huishika dhahabu, kisha huunguzwa ikapanda hewani. Sehemu hubaki katika matope yaitwayo marudio. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu waliochunguza Rwamagasa, katika wilaya ya Geita, waliikuta zebaki katika marudio na matope ya huko. Siku hizi marudio mengi huoshwa tena kwa sianidi, ambayo ni sumu kali. Zaidi ya hayo, mwamba wenyewe wenye dhahabu mara nyingi una aseniki, na uchunguzi wa maji ya chini ya ardhi katika ukanda huo umeikuta katika baadhi ya visima. Tanzania iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki, lakini mkataba hausafishi kisima kwa siku moja.

Ubaya wa sumu hizi ni kwamba hazionekani. Maji huweza kuwa meupe, baridi na matamu, na mchicha ukastawi vizuri kabisa. Kuyachemsha hakuondoi aseniki. Maji yakipungua kwa mvuke, iliyobaki huzidi ukali. Kuosha mboga huondoa vumbi na matope yaliyo juu ya jani, wala hakuondoi kilichokwisha nyonywa na mizizi. Wanaodhurika zaidi ni wajawazito na watoto wadogo, ambao ndio hasa tunaowalimia mboga.

Kwa hiyo wenye busara katika ukanda ule hufuata kanuni hizi. Bustani huwekwa upande wa juu wa mwalo na karasha, si upande wa chini ambako maji hutelemkia. Maji ya madimbwi ya kuoshea mawe hayatiwi bustanini, hata yakituama mwezi mzima. Marudio hayatumiwi kama mchanga wa kuchanganya na udongo, wala kujengea kingo. Madumu na mapipa yaliyowahi kuwekwa dawa za machimboni hayabebi maji ya mboga. Kisima kinachotiliwa shaka hupimwa. Wako wataalamu wa maji katika halmashauri, na ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Na pasipo maji mengine, afadhali jaruba moja la maji ya mvua na ya bomba kuliko majaruba kumi ya maji ya mwalo.

KWETU VISIWANI

Kwetu hapana marudio, lakini hatuwezi kusema kwamba kila kisima chetu ni salama. Visima vilivyo karibu na pwani huingiwa na chumvi kaskazi ikikaza na watu wakichota kwa wingi. Mboga ikimwagiliwa maji ya chumvi siku baada ya siku, ncha za majani huungua na udongo hufunga. Maharagwe hufa kwanza. Mchicha huvumilia zaidi. Anayeona dalili hizo abadilishe kisima au achanganye na maji ya mvua, wala asidhani kwamba ni ugonjwa wa kutiliwa dawa. Vilevile tujihadhari na madumu ya dawa za shambani yanayogeuzwa kuwa ndoo.

Miche michanga ya mikarafuu nayo ifaidike na mafunzo haya. Mche wa mwaka wa kwanza au wa pili hufa kaskazi kwa kukosa kivuli na matandazo kuliko kwa kosa jingine lolote. Sahani ya udongo kuuzunguka, majani makavu juu yake, kuti la kivuli upande wa magharibi, na nusu ndoo ya maji kwa juma huweza kuuokoa mti utakaochumwa na wajukuu.

Tunawaomba wanachama, kabla ya kaskazi ijayo, kila nyumba ichimbe jaruba moja la kuzama, mita 1 kwa mita 4, ilizungushie ua, na ianike pishi moja au mbili za majani ya kunde wakati wa mvua. Wale watakaofanikiwa na wale watakaopata shida wote watuletee habari kwa makatibu wa matawi, wakitaja udongo wa mahali pao na ndoo walizotumia kwa siku, ili toleo lijalo liwe na hesabu ya kwetu wenyewe.